Mwanamke Aliye Katika Siku Zake na Altare ya Bwana



Baada ya semina ya viongozi wa jumuiya ndogo ndogo iliyofanyika katika kigango kimoja cha vijijini, mama mmoja alingoja mpaka wenzake wote walipokwisha kutoka, kisha akamwendea mwezeshaji wetu na kumwuliza swali ambalo alikuwa amelibeba kwa miaka 11. Mama huyo ni msomaji wa Neno la Mungu. Alipoteuliwa, mzee mmoja wa kigango alimwonya asithubutu kukaribia altare akiwa katika siku zake. Tangu hapo, kila zamu yake inapoangukia siku hizo, humtuma mtoto kwa katekista kusema kwamba mama anaumwa. Alitaka kujua lililo dhambi ni lipi: uongo ule wa kila mara, au kwenda kusoma.

Kwa ruhusa yake tunamjibu hapa hadharani, maana tunaamini hayuko peke yake. Mama, kwenda kusoma si dhambi, wala kukomunika si dhambi, wala kufagia kanisa na kutandika altare si dhambi. Na kuhusu uongo ule, ukauungame kama dhamiri yako inakusuta. Lakini sisi tunaona kwamba sehemu kubwa ya lawama ni ya wale waliokufanya uuhitaji.

Wako wasomaji watakaouliza: Tume hii, ambayo kazi yake ni mashamba yaliyoporwa, rushwa mahakamani na mishahara ya watumishi wa majumbani, imeingiaje katika mambo ya chumbani? Tunajibu kwamba mtu akinyimwa nafasi yake kanisani, shuleni au mezani kwa sababu ya jinsi Mungu alivyomwumba, hilo ni jambo la haki. Na mtu akiishi kwa hofu na aibu kila mwezi kwa miaka 35 au 40, hilo ni jambo la amani.

Basi tuanze na mwili wenyewe. Tungetamani kila baba mwenye binti aweze kueleza hedhi ni nini kwa maneno machache, lakini tumewauliza akina baba katika semina zetu na tumeona kuwa wanaoweza ni wachache mno. Msichana anapopevuka, vifuko viwili vya mayai vilivyo ndani ya nyonga yake huanza kuachilia yai, kwa kawaida moja kila mwezi. Katika siku hizo homoni huuamuru mfuko wa uzazi utandike ukuta wake wa ndani kwa utando laini wenye damu nyingi, kama mwenyeji anavyomtandikia kitanda mgeni anayemngojea. Mgeni huyo, yaani mimba, asipofika, homoni hushuka, utando ule hubomoka na kutoka pamoja na damu. Hiyo ndiyo hedhi. Si takataka ambazo mwili unazitupa, si sumu, wala si laana ya Hawa. Ni damu ile ile inayozunguka mwilini, pamoja na utando ambao mtoto angepandwa humo. Kila mmoja wetu anayesoma ukurasa huu, padre kwa mlei, alianza maisha yake katika utando wa namna hiyo.

Damu yote inayotoka katika siku hizo, ingawa machoni huonekana nyingi, aghalabu ni kiasi cha vijiko vya chai 6 hadi 8. Hutoka kwa siku 2 hadi 7. Mzunguko huhesabiwa kutoka siku ya kwanza ya damu hadi siku inayotangulia hedhi inayofuata. Husemwa kwamba ni siku 28, lakini kwa mwanamke mzima mzunguko wowote wa kati ya siku 21 na 35 ni wa kawaida, na kwa msichana aliyevunja ungo karibuni waweza kufika siku 45, tena pasipo mpangilio. Wazazi wanaohesabu siku za binti zao kwa hofu, na kuwashutumu kuwa wamepata mimba kila mwezi unapochelewa, walishike neno hilo. Wengi huvunja ungo wakiwa na miaka 12 au 13, lakini wapo wanaoanza wakiwa na miaka 9, umri wa watoto wetu wa Utoto Mtakatifu. Kwa hiyo mama anayesubiri binti amalize darasa la saba ndipo amweleze, mara nyingi amechelewa.

Tena, kuvunja ungo si kukomaa. Mwili umeanza kazi, haujaimaliza. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Tanzania, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vilikwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo. Mzazi anayepokea posa kwa sababu tu binti ameanza kuona siku zake asijifiche nyuma ya mila.

Juu ya mila tuseme kwa heshima, lakini tuseme. Kuna mahali mwanamke aliye mwezini haruhusiwi kuingia katika bustani ya mboga, ati mchicha utanyauka na maboga yataoza. Kuna jamii ambazo haruhusiwi kukamua ng'ombe. Katika baadhi ya jamii za kusini hatii chumvi chunguni, hata ikambidi amwite mtoto au jirani aje kumtilia, na kwa njia hiyo mtaa mzima ukajua lililo siri yake. Ndugu zangu, mchicha tunaoununua sokoni umepandwa, umechumwa na kufungwa mafungu na wanawake, wala hakuna anayewauliza tarehe zao. Tumeula miaka yote na tu wazima. Yawezekana kwamba baadhi ya miiko hiyo ilianza kama pumziko kwa mwanamke mwenye maumivu, akaachiwa jiko na jembe kwa siku chache. Kama ndivyo, tulibakize pumziko na tuondoe unajisi. Mume anayemkataza mkewe kupika kwa kuwa ni najisi, kisha akamtuma kuchota maji kisimani, hatujui anafuata mila ya nani.

Mwiko unaotutia wasiwasi kuliko yote ni ule wa vitambaa. Wengi wa mama zetu walitumia sodo za vipande vya kanga, na bado wengi hutumia, wala hakuna ubaya wowote katika kitambaa cha pamba kilicho safi. Ubaya uko katika kukificha. Kwa aibu, na kwa hofu kwamba mwenye nia mbaya atakiona na kukifanyia uchawi, msichana hukianika chini ya godoro au nyuma ya sanduku, kikakaa na unyevu, kisha akakivaa hivyo hivyo. Matokeo ni miwasho, michubuko na maambukizi. Kitambaa cha hedhi kifuliwe kwa sabuni na maji safi, kianikwe juani mpaka kikauke kabisa, na kibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6. Vivyo hivyo taulo za kike za dukani. Jua ni dawa ya bure ambayo Mungu ametupa. Kamba ya nguo iliyo uani, yenye kanga moja iliyotandazwa juu ya vitambaa, inatosha kwa wanaotaka sitara.

Sasa tuje kwenye Maandiko, maana hapo ndipo wazee wetu wanaposimamia. Ni kweli kwamba sura ya 15 ya Kitabu cha Walawi inamhesabu mwanamke aliye katika hedhi kuwa najisi kwa siku 7. Lakini tunawaomba wazee waisome sura hiyo yote. Inaanza na wanaume. Inasema juu ya mwanamume anayetokwa na kisonono, kisha juu ya mwanamume yeyote aliyetokwa na shahawa, kwamba aoge na kuwa najisi hadi jioni. Hatujasikia bado kigango ambacho mwenyekiti amewauliza wanaume wasomaji jinsi walivyolala usiku wa Jumamosi. Tena, sura ya 19 ya Kitabu cha Hesabu inamhesabu kila aliyegusa maiti kuwa najisi kwa siku 7, zile zile za mwanamke. Sisi tunaoosha wafu wetu, tunaowabeba mabegani na kuwazika, tungelikuwa nje ya kanisa nusu ya mwaka. Unajisi wa Torati haukuwa dhambi. Ulikuwa utaratibu wa ibada ya Hekalu, na Kanisa tangu siku za Mitume halikuwatwika mataifa utaratibu huo. Kuuchukua mstari mmoja na kumwekea mwanamke peke yake, baada ya kuifuta mingine yote iliyomhusu mwanamume, huko si kuishika Torati.

Na Bwana wetu alifanyaje? Mwinjili Marko, katika sura ya 5, anatueleza habari za mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, aliyemaliza mali yake kwa waganga na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Kwa Sheria ile, kila alichokalia na kila aliyemgusa alikuwa najisi. Hebu fikirini miaka 12 bila kukumbatiwa. Alijipenyeza katika umati na kugusa vazi la Yesu kwa siri, kama vile wanawake wetu wanavyofanya mambo yao kwa siri. Yesu hakuruka nyuma. Hakwenda kutawadha. Alimwita mbele ya watu wote, akamwacha aseme, akamwita binti yake na kumruhusu aende kwa amani. Kisha akaendelea na safari hadi nyumbani kwa Yairo, akamshika mkono msichana aliyekufa. Naye alikuwa na umri wa miaka 12. Kwa siku moja aligusana na unajisi wa damu na unajisi wa maiti, na wote wawili waliogusana naye wakapata uzima.

Hatutaki kudanganya kwamba Kanisa limekuwa na sauti moja juu ya jambo hili. Katika karne ya 3, Dionisi askofu wa Aleksandria aliandika kwamba wanawake walio katika siku zao wasiikaribie meza ya Bwana, na baadhi ya Makanisa ya Mashariki yanashika desturi ya namna hiyo hata leo. Lakini katika karne hiyo hiyo, huko Siria, kitabu cha mafundisho kinachoitwa Didaskalia kiliwakemea waliojizuia na sala na Ekaristi kwa sababu hiyo. Katika Kanisa letu la Magharibi, mtu aliyelisema jambo hili waziwazi ni Papa Gregori Mkuu. Mwaka 601 alimjibu Augustino wa Canterbury, mmisionari aliyemtuma kwa Waingereza, kwamba mwanamke aliye katika hedhi asizuiwe kuingia kanisani wala kupokea Komunyo Takatifu, akitumia mfano wa mwanamke huyo huyo wa Injili: ikiwa yule aliruhusiwa kuligusa vazi la Bwana katika ugonjwa wake, kwa nini huyu azuiwe kwa jambo la maumbile yake? Alisema pia kwamba mwanamke akijizuia mwenyewe kwa uchaji asilaumiwe. Tunaliheshimu neno hilo. Uchaji wa mtu ni wake. Marufuku ya mzee wa kigango ni jambo jingine kabisa.

Sheria ya Kanisa iliyotangazwa mwaka 1983, katika kanuni ya 912, inasema kwamba kila mbatizwa asiyezuiwa na sheria anaweza, tena ni lazima, akubaliwe kwenye Komunyo; na hakuna sheria yoyote inayotaja hedhi. Tarehe 10 Januari 2021 Papa Fransisko aliirekebisha kanuni ya 230 ili wanawake nao waweze kuwekwa rasmi katika huduma za usomaji na uakoliti. Hakuongeza sharti la siku za mwezi. Na kwani tunakiri nini kila Jumapili, kama si kwamba Mwana wa Mungu alitwaa mwili katika tumbo la Bikira Maria? Tumbo lile lilikuwa la mwanamke, kama la mama zetu.

Hapa tuwataje ndugu zetu Waislamu. Wao wana hukumu zao juu ya sala na saumu katika siku hizo, nasi hatuna haki ya kuziingilia. Lakini tumejifunza kitu kwao: neno lenyewe "hedhi" limetujia kutoka Kiarabu, na mtoto wa madrasa hufundishwa mambo ya tohara na hedhi na mwalimu wake, kitabuni, bila watu kukonyezana. Watoto wetu wa Kipaimara wanafundishwa vipaji saba vya Roho Mtakatifu na hawafundishwi lolote juu ya mwili ambao ni hekalu lake.

Wala haikuwa hivyo kwa mababu zetu. Msichana alikuwa na somo wake, alikuwa na kungwi, aliwekwa ndani akafundwa. Wamisionari wengi waliuona unyago kuwa ni upagani mtupu wakaupiga marufuku. Wachache walijaribu njia nyingine. Huko Masasi, katika miaka ya 1920 na 1930, Askofu Vincent Lucas wa Kanisa Anglikana alijitahidi kuzipa mila za jando na unyago sura ya Kikristo badala ya kuzifuta. Hatusemi kwamba kila lililofundishwa unyagoni lilifaa; mengine yalimwelekeza mtoto kitandani kabla ya wakati. Lakini tuliivunja shule ile na hatukujenga nyingine mahali pake, na msichana wa leo hufundwa na wenzake darasani au na simu.

Gharama ya ukimya huo tunaiona. Mwezi Septemba 2019, huko Bomet nchini Kenya, msichana wa miaka 14 alijiua baada ya kudaiwa kuaibishwa darasani na mwalimu kwa ajili ya damu iliyochafua sare yake. Mama yake alieleza kwamba ilikuwa hedhi yake ya kwanza. Utafiti uliofanywa vijijini magharibi mwa nchi hiyo na kutangazwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba, kati ya wasichana wa miaka 15 waliohojiwa, 1 kati ya 10 alikuwa amejamiiana ili apate fedha za taulo za kike. Tunaposema katika mahubiri kwamba mabinti wa siku hizi wameharibika, tukumbuke kwanza kuuliza pakiti moja inauzwa bei gani dukani.

Fanyeni hesabu hii. Msichana anayekosa shule siku 3 za kila mwezi wake, hata tukitoa zile zinazoangukia Jumamosi na Jumapili, hupoteza siku 20 hivi za masomo kwa mwaka, yaani majuma 4. Kisha tunashangaa kwamba kaka yake amemshinda katika hesabu.

Serikali zetu zimegusa jambo hili kwa namna mbalimbali. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika taulo za kike mwaka 2004, na mwaka 2017 ikatunga sheria ya kuwagawia bure wasichana wa shule za umma. Tanzania iliiondoa kodi hiyo mwezi Julai 2018, ikairudisha Julai 2019 kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Huenda kweli haikushuka. Lakini kwa maoni yetu, aliyestahili kubanwa ni mfanyabiashara aliyetia mfukoni nafuu ile, siyo msichana aliyekusudiwa kuipata.

Yako pia mambo ya tabibu, na hapa hatutaki mtu ajifariji kwa maneno yetu. Maumivu kidogo ya tumbo ni ya kawaida. Lakini maumivu yanayomlaza mtu kitandani kila mwezi si chango la kuvumiliwa tu. Yaweza kuwa ugonjwa unaoitwa endometriosisi, ambao huwapata wanawake kama 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Aende zahanati mwanamke ambaye damu yake inazidi siku 7, au inalowesha taulo nzima kwa saa moja, au inatoka katikati ya mwezi. Msichana aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo. Na kwa haraka zaidi, mama aliyekwisha kukoma hedhi kisha akaona damu tena, hata tone. Huyo wa mwisho asingoje, maana yaweza kuwa saratani.

Tume inaomba yafuatayo. Mapadre na halmashauri za walei watamke wazi, ikiwezekana katika matangazo ya Jumapili, kwamba hakuna mwanamke anayezuiwa altare wala Komunyo kwa sababu ya hedhi. Watazame vyoo vya kanisa lao wenyewe kabla ya kuvisema vya shule: je, mlango wa upande wa wanawake una komeo kwa ndani? Je, kuna maji, na pipa lenye kifuniko? Kamati za shule ziulizwe kuhusu kiwango cha taifa cha tundu 1 la choo kwa wasichana 20. WAWATA, ambao tayari wana cherehani katika parokia nyingi, washone taulo za pamba na kumwachia mwalimu wa kike chache za dharura ofisini. Na akina baba wajifunze kununua taulo za kike dukani kama wanavyonunua sukari, pasipo kumwomba muuzaji azifunge kwa gazeti kana kwamba ni magendo. Tunamjua baba mmoja mjane mwenye mabinti watatu ambaye huziandika katika orodha ya nyumbani, kati ya sabuni na mafuta ya taa. Alituambia kwamba mara ya kwanza jasho lilimtoka. Sasa muuzaji ndiye anayemkumbusha.

Nakala ya tahariri hii tumempelekea yule mama kwa mkono wa katekista wake, naye katekista tumemwomba aisome kwanza, kisha akaisome pamoja na yule mzee, nyumbani kwake, kwa utulivu. Zamu ya mama huyo kusoma ni Jumapili ya pili ya mwezi ujao.